Sombe ya Kumuaga Philbert

"Na macho yangu haya mbili, Maman Gracieuse! Hakuna muntu aliniambia! Nilimuona anatoka mu hema, brosse à dents mu kinywa, anatema maji ku majani kama muntu eko kwake!"

"Maman Rolande, shusha sauti. Hapa ni ku ngazi, hapana ku soko."

"Nishushe sauti ju ya nini? Si weye njo ulituambia ku kanisa asema beau-fils, mukwe yako, eko ku bureau ya komini? Bureau gani iko na bâche ya hema? Hein? Uniambie!"

Mimi nilikuwa chini, nimesimama kwenye mkeka wa mlangoni, ufunguo mkononi, koti la kazi limefungwa hadi shingoni. Nilikuwa nimetoka kuendesha basi tangu alfajiri, nimeota njia nzima kuvua viatu na kunywa chai. Nikaisikia sauti ya Maman Rolande kabla sijafunga mlango wa mtaani, na chai ikaniponyoka kichwani.

Jengo letu la Schaerbeek, hapa Ubelgiji, lina ngazi moja tu kwa familia nane. Ukipiga chafya ghorofa ya nne, wa chini wanakuombea. Maman Rolande anakaa chini kabisa, mlango wake hufungwa usiku tu, na hakuna mgeni, barua wala mfuko wa viatu vipya unaopita pale bila yeye kuupima kwa macho. Ni mtu mwema. Nilipougua alinilisha uji siku nne. Lakini habari ikimwingia, lazima itoke.

Mama yangu alikuwa ameinamia kizuizi cha ghorofa ya pili, mwiko mkononi, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Aliniangalia tu, na mimi nikajua kwamba amekuwa akinitetea kwa nusu saa nzima mbele ya jirani, na sasa anaomba nimpe cha kumalizia.

"Kasoki," akasema. "Ile mwanaume yako. Eko analala mu park?"

Mlango wa ghorofa ya tatu ukafunguka kidogo, upana wa sikio.

"Maman, tuongelee ndani."

"Apana!" akadakia Maman Rolande. "Ajibu hapa hapa. Mimi sipendi waseme niko muwongo."

"Analala?" mama akauliza tena, taratibu.

"Siyo kila siku, maman. Mara tatu kwa juma."

"Seigneur!" Maman Rolande akashika kifua kwa mikono miwili, na sijui kama alikuwa anahuzunika au anashukuru.

"Ni kazi yake," nikasema. "Ni kazi ya komini. Sikudanganya."

Lakini nilikuwa nimedanganya, na ngazi nzima ilijua.

*

Nilimfahamu Philbert kupitia tusi. Ilikuwa Novemba, basi la kwanza la asubuhi, giza bado, mvua ya kunyunyiza. Baiskeli moja ikanikatia mbele bila taa, nikakanyaga breki, nikaitukana kwa Kiswahili chetu cha Kivu, tusi lenyewe siwezi kuliandika hapa. Nyuma yangu mtu akacheka. Nikatazama kwenye kioo. Mwanaume mrefu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, meno meupe.

"Pole sana, dereva," akasema. "Huyo wa baiskeli leo hatafika salama, kwa maneno hayo."

Tangu hapo, kila alipotoka kazini, alikaa kiti cha kwanza. Basi lote likanukia moshi wa kuni. Wanawake wengine wanapenda marashi. Mimi nilianza kuusubiri ule moshi. Kabla sijafika kwenye kituo cha bustani ya Berchem nilikuwa tayari nimepunguza mwendo, na abiria wa nyuma wakadhani naendesha kwa busara.

Philbert ni Mchaga wa Marangu. Kabla ya kuja huku kusoma, alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka sita, hema begani, sufuria kichwani. Wapagazi wa kule wanaitana wagumu. Alipomaliza masomo, komini moja, yaani halmashauri ya mji, ikamwajiri kwenye bustani zake, na majira haya ya baridi wakaanzisha jambo jipya: watu waje walale bustanini, ndani ya mji, katikati ya baridi, wasikie bundi na tram, treni ya barabarani, kwa pamoja. Mlinzi wa usiku awe nani kama si mgumu wa Marangu?

Mimi nikamwambia mama: "Anafanya kazi komini." Basi. Niliishia hapo makusudi. Mama akaongeza meza, akaongeza tai, akaongeza muhuri, na Jumapili iliyofuata kanisa zima likajua kwamba Kasoki amepata mwanaume wa ofisi. Nikaacha. Kila siku niliyoacha, meza ile ikawa kubwa zaidi. Na sasa ilikuwa Jumamosi, na kesho yake saa nane mchana Philbert alikuwa aje nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, ajitambulishe kwa mama, aombe ruhusa ya kuonekana na mimi mchana kweupe.

*

"Kesho asikuye," mama akasema.

Tulikuwa jikoni. Sombe ilikuwa inachemka, majani ya muhogo yametwangwa laini, mafuta ya mawese yakipanda juu kidogo kidogo. Alikuwa ameipika kwa ajili ya mgeni wa kesho, kwa sababu sombe yake haifai siku ya kwanza.

"Maman, si mtu asiye na nyumba. Ana chumba chake, ana mkataba, ana kila kitu. Watu wanakuja kulala kule kwa kupenda. Wanaweka nafasi mapema."

"Banapenda kulala inje."

"Ndiyo."

"Mu janvier."

"Ndiyo, maman."

"Na nyumba yabo iko."

"Wana nyumba nzuri tu."

Akafunika sufuria. Akafunua tena. Kisha akauliza kitu nisichokitegemea.

"Hema ni rangi gani?"

"Ya kijani."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa karatasi ya daktari. "Asikuye," akarudia. "Simuchukie. Lakini mutoto wangu hataolewa na muntu wa hema."

Hii haikuwa mara yangu ya kwanza kugonga ukuta huo. Shuleni darasa letu lilipokwenda kupiga kambi msituni siku tatu, mimi peke yangu nilibaki mjini, nikachora ramani na mwalimu wa darasa lingine. Nikiwa mdogo nilitandaza shuka juu ya viti viwili, nikaingia chini na mwanasesere wangu. Mama alilivuta lile shuka kwa nguvu hadi kiti kikaanguka, halafu akanikumbatia, halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilijua tulipita kambi ya wakimbizi kabla ya kuja Ubelgiji. Nilikuwa na miaka miwili. Zaidi ya hapo, kwetu hapakuulizwa.

Nikachukua koti langu.

"Unaenda wapi?"

"Kumwambia. Siwezi kumwambia kwa simu."

Mama hakunizuia. Alikuwa amegeukia dirisha, mgongo wake mdogo, fundo la kitenge limelegea kiunoni.

*

Bustani ilikuwa kimya, nyasi zimelowa, miti mitupu. Vibanda viwili vya mbao vilikuwa vinafuka moshi. Mzee na mkewe, Wabelgiji wa miaka sabini na kitu, walikuwa wamekaa mlangoni mwa kimoja, kofia za sufu zinazofanana, wanakunywa supu. Wakanipungia mkono kana kwamba tuko ufukweni.

Philbert alikuwa kwenye hema kubwa la duara, anakaza kamba. Aliponiona akaiachia, akajifuta viganja kwenye suruali. Hakunishika. Mbele za watu hajawahi kunishika. Ila ana namna ya kunitazama, kuanzia viatu, taratibu, hadi akifika machoni mimi nimeshapata joto.

"Kasoki. Leo si siku yangu ya bahati hata kidogo, kamba zote zimegoma. Na sasa wewe umekuja, sielewi."

"Nionyeshe kwanza," nikasema. Nilitaka dakika tano za bure, kabla sijaharibu.

Akanizungusha. "Hivi vidogo vya pale ni vya wenye roho ngumu. Unajifunga kwenye sleeping bag, asubuhi unatoka kama soseji. Vibanda vya mbao ni vya waoga, wana kitanda na taa. Hili la duara ni la familia, lina jiko la kuni ndani. Leo jioni inakuja moja, watoto watatu."

"Na mimi ungeniweka wapi?"

"Wewe hujawahi kuniambia kama ni mgumu au mwoga."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, naye akaona.

"Sema," akasema.

"Kesho usije."

Akaniangalia. Mvua ilikuwa inakusanya mawazo, tone hapa, tone pale.

"Mama anaumwa?"

"Jirani yetu alikuona asubuhi moja unatoka kwenye hema. Anamtunza bibi mmoja karibu na hapa. Amesema huna nyumba."

"Aa, basi hilo ni dogo!" Akapumua. "Nitakuja na mkataba wangu wa chumba, na picha ya mwenye nyumba nikitaka. Mama yako anajua kazi yangu, atacheka."

Nikafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimeshafungwa.

"Kasoki. Mama yako anajua kazi yangu?"

"Nilimwambia unafanya kazi komini."

"Kazi gani?"

"Komini."

"Ofisini?"

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope la bustani yake.

Philbert hapazi sauti. Afadhali angepaza. Aliokota kamba, akaizungusha mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, hadi ikaisha.

"Mimi nimebeba mizigo ya watu hadi mawinguni," akasema. "Sikuona aibu. Sasa nimefika mjini, nina koti la komini lenye jina langu, na mtu wa kwanza kunionea aibu ni wewe."

"Si aibu, Philbert."

"Ni nini?"

"Sijui. Mama na mahema... kuna kitu. Hajawahi kuniambia. Wewe ungesema tu kwamba unatunza bustani. Maua. Ni kweli pia."

"Januari? Maua?"

"Philbert, tafadhali."

"Hapana, mpenzi. Kesho nitakuja kama nilivyo, na moshi wangu. Mlango usipofunguka nitashuka ngazi nirudi kazini. Lakini sitakaa mezani kwa mama yako kwa jina la mtu mwingine."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba huo moshi ndio ninaousubiri kila alfajiri, kwamba nikikosa kuusikia siku nzima breki zangu ni mbovu. Lakini nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua kuliko honi ya basi langu.

"Maman Gracieuse, pita huku, kule kuna matope! Unaona? Unaona bâche ile? Nilisema uwongo?"

Walikuwa wanakuja kwenye njia ya changarawe, wawili, wameshikana mikono wasiteleze. Maman Rolande mbele kidogo, koti la manyoya la Krismasi, kidole kimenyooka. Mama nyuma, ameshika ule mfuko wake wa kutunzia joto, anaoutumia akienda msibani au hospitali.

"Ni mama yako?" Philbert akanong'ona.

"Ndiyo."

"Yule wa manyoya?"

"Mungu apishe mbali. Mwingine."

Akavua kofia. Akateremka hadi walipo, akainama. "Shikamoo, mama. Shikamoo, mama," kila mmoja yake.

Mama, kwa kuwa kwetu Kivu salamu hiyo haina kazi, akasema, "Eh. Bonjour." Akamtazama kuanzia chini kwenda juu, polepole. Nikagundua kwamba ni namna ileile anayonitazama nayo Philbert, na nikakosa pa kuweka mikono.

"Maman," nikaanza, "kabla hujasema. Maman Rolande hakusema uwongo. Philbert naye hajasema uwongo. Ni mimi. Uliposema bureau, ningesema hapana, na sikusema."

"Ile nilishaelewa mu tram," mama akanijibu bila kunigeukia. Kisha kwa Philbert: "Nilikuletea chakula. Sombe na fufu. Nilisema hata kama ni muntu hana nyumba, simufukuze na njaa."

Philbert akaupokea mfuko kwa mikono miwili. "Ulikuja kunifukuza, mama?"

"Ndiyo."

"Asante kwa chakula."

Maman Rolande akakohoa. Hakuwa amekuja mwendo wote ule kuona adabu. Lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kile kibanda cha mbao, kwa wale wazee wawili na supu yao. "Kasoki," akaninong'oneza, "hawa nabo ni masikini?"

"Ni wastaafu. Wamekuja kupumzika."

"Inje?" Hakungoja jibu. Akaelekea kule, bonjour yake imetangulia mita kumi, na baada ya dakika moja walikuwa wamempa kiti.

Tukabaki watatu, na lile hema. Mama alikuwa analitazama. Nilidhani angegeuka aondoke. Badala yake akalisogelea. Akashika kamba moja kwa vidole viwili, akaivuta, ikalegea.

"Iyi inalala."

"Ndiyo, mama, nilikuwa naikaza."

Akazunguka. Akabonyeza kitambaa na kiganja mahali pale juu ya mlango kilipobonyea. "Hapa maji itakaa. Ikikaa itapasuka." Akaenda upande wa nyuma, ambako nyasi zinapanda kidogo kuelekea kwenye miti. Akasimama, akapima mteremko kwa macho, akatazama mbingu. "Maji itatoka kule. Itashuka hivi. Itaingia hapa chini. Mufereji iko wapi?"

"Hatukuchimba, mama. Nyasi hizi ni za komini, wanazipenda kuliko..."

"Nani analala humu leo?"

"Familia moja. Watoto watatu."

"Batoto," mama akasema. "Na komini itakuya usiku kubashikilia juu?"

Ningekuwa mimi ningetetea. Philbert ni mtu aliyelala miaka sita juu ya mlima, anajua hema kuliko anavyojua kitanda. Lakini alikuwa anamtazama mama kama wanavyotazamana mafundi. Akaning'iniza mfuko wa chakula kwenye ndoano ya mlangoni, akaenda nyuma ya kibanda cha vifaa, akarudi na chepe.

"Nionyeshe pa kuanzia, mama."

Mama akachora kwa ncha ya kiatu. Philbert akakata nyasi kwanza, vipande vya mraba, akavipanga pembeni kama mikate ili avirudishe wageni wakiondoka. Kisha akaanza kuchimba. Mama akamfuata hatua kwa hatua, mikono nyuma.

"Apana, usinyooshe. Zungusha. Maji haipendi kona."

"Hivi?"

"Chimba tena kidogo. Eh. Njo hivyo."

Mvua ikajipata sasa, nyembamba, ya kudumu. Nilifungua mwamvuli juu ya mama. Akausukuma uende kwa Philbert. Nikabaki katikati yao, mwamvuli unamkinga kila mtu nusu.

"Mama," Philbert akasema, bado ameinama, "sisi Kilimanjaro tulichukua miaka kujua haya. Wewe ulifundishwa wapi?"

Kwetu hapakuulizwa.

Mama akatazama chepe likipanda na kushuka mara tatu.

"Yetu ilikuwa bleu," akasema. "Bâche yetu. Tulikuwa juu ya mawe ya volcan, meusi, haichimbike. Mabwana balikuwa banapasua na chuma. Miye sikuwa na bwana, alishakufa. Nilipasua miye mwenyewe, na jiwe juu ya jiwe. Mwezi muzima." Akanyoosha kidole kwangu, lakini hakunitazama. "Uyu alikuwa na miaka mbili. Mbele mufereji imalizike, mvua ikinyesha nilikuwa namuweka juu ya magoti, maji inapita chini, mpaka asubuhi. Hakulia. Alikuwa anaweka mukono ku bâche anasikiliza mvua. Nikasema, huyu akikuwa mukubwa, hatalala tena chini ya kitambaa. Nilisema ile na kinywa yangu."

Philbert alikuwa amesimama wima, chepe mkononi, maji yanamtiririka kwenye nyusi.

"Sikujua, maman," nikasema.

"Ningekuambia ju ya nini? Ulikuwa unalala muzuri."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi. Akaniachia niushike, jambo ambalo halikubali tukiwa barabarani.

"Mama," Philbert akasema taratibu, "mimi simwombi Kasoki alale hapa. Sitamwomba kamwe. Nina chumba, na Mungu akipenda nitapata nyumba. Lakini kazi yangu ni hii. Watu wanalala, mimi nakaa macho ili maji yasiwafikie. Kama hiyo kazi haifai nyumbani kwako, niambie mwenyewe, nitaelewa. Ila nipe dakika kumi nimalize mfereji, ndipo unifukuze."

Mama akamtazama tu, naye akarudi kuinama.

Nikawaza kwamba sasa ataita jirani yake, warudi kwenye tram, na mimi nitatakiwa kuchagua pa kusimama. Nilikuwa tayari nimechagua. Nilikuwa natafuta tu maneno yasiyomuumiza.

Akaenda kwenye mlango wa hema. Akasimama pale, karibu, kitambaa kinagusa koti lake. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba nilisikia kicheko cha Maman Rolande kikimalizika kibandani na kingine kikianza. Mkono wake ukapanda, ukafunua pazia. Ndani kulikuwa na giza la rangi ya asali, jiko linawaka, mikeka imetandikwa. Akainamisha kichwa, akaingia.

Nikaingia nyuma yake. Hakukaa. Aliweka kiganja kwenye kitambaa, akakiacha hapo, mvua ikipiga upande wa pili. Kisha akaenda nyuma, akachuchumaa kwa shida, goti lake bovu likalia, akagusa sakafu pale ambapo mteremko unaishia.

Tukangoja. Nje tulisikia chepe likikata mara ya mwisho, halafu sauti nyembamba ya maji yanayoshuka, yanafika, yanageuka, yanapita pembeni, yanakwenda zao.

Mama akageuza kiganja akakitazama. Kikavu.

"Leta ule mufuko," akaniambia.

Akaufungua kando ya jiko. Harufu ya sombe ikajaa hema lote, ikashinda hata moshi. Akatoa fufu, ugali wetu wa muhogo, iliyofungwa kwenye taulo, akaibonyeza na kidole aone kama ina joto bado. Kwenye rafu ya Philbert kulikuwa na bakuli za bati. Akachukua moja, akaipangusa na pindo la kitenge. Akachukua ya pili. Mkono ukasita, ukaenda kwa ya tatu. Akazipanga mbele yake, akakunja mguu mzuri, akanyoosha mbovu, akakaa pale kama mwenye nyumba.

"Na kesho, maman?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Kesho ni sombe ya siku ya pili, iko muzuri kuliko iyi. Akichelewa tutakula sie wawili." Akainua pazia kwa mkono. Nje Philbert alikuwa amesimama kwenye mvua, kofia mfukoni, tope hadi magotini, hajui aende wapi katika bustani yake mwenyewe. Tangu kule kwenye ngazi mama alikuwa amemwita ile mwanaume, muntu wa hema, na mengine ambayo sikuyasikia ndani ya tram.

"Philbert!" akaita. "Acha ile chepe, mufereji iko sawa. Nawa mikono, ingia tukule. Fufu inapoa."